Bustani ya Nyumbani: Ua Lililokufa kwa Kunyweshwa

Katika barua zilizonifikia mwezi huu imo moja, iliyoandikwa kwa hati safi sana, ya mama mmoja akaaye Nairobi. Asema kwamba nyuma ya nyumba yake, kati ya ukuta na mti mkubwa, pana mahali pasipopata jua ila kwa muda mfupi wa asubuhi. Alipanda mawaridi hapo, yakakonda. Akapanda alizeti, zikarefuka kama nguzo za simu, kisha zikaanguka. Sasa dada yake aliye Marekani amempelekea picha ya ua liitwalo kengele za marijani, ambalo hustawi kivulini, naye aniuliza: "Je, Bwana, naweza kulipata ua hili na kulipanda hapa kwetu? Nalo hutunzwaje?"

Swali lake ni zuri, nami nitalijibu. Walakini kabla ya kumaliza nitamwomba ruhusa nimwoneshe ua jingine lipendalo kivuli, ambalo halikutoka Marekani hata kidogo, nalo lilinitia mimi aibu mbele ya watoto wangu.

KENGELE ZA MARIJANI

Kengele za marijani kwao ni Amerika ya Kaskazini. Wataalamu huuita mmea huu Heuchera. Jina hilo liliandikwa mwaka 1753 na Linnaeus, yule bingwa wa Sweden aliyeipa mimea mingi majina, kwa kumheshimu Johann Heinrich von Heucher, daktari aliyefundisha katika chuo cha Wittenberg huko Ujerumani. Aina zake ni nyingi. Ile yenye maua mekundu hasa ni Heuchera sanguinea, iotayo penye majabali katika Arizona, New Mexico na kaskazini ya Mexico. Majani yake hukaa chini karibu na udongo, yamejipanga kwa duara. Kutoka katikati huinuka vijiti vyembamba, na juu ya kila kijiti huning'inia maua madogo mfano wa kengele. Kule kwao huzuriwa na ndege wadogo mno, waelekeao hewani mbele ya ua bila kutua, ambao hunyonya utamu wake kama chozi anavyofanya katika maua yetu.

Watu wengi siku hizi huupanda mmea huu kwa ajili ya majani kuliko maua. Aina moja yenye majani ya zambarau iliyoiva, iitwayo Palace Purple, ilichaguliwa Marekani kuwa mmea bora wa bustani wa mwaka 1991 katika ile idumuyo miaka mingi. Tangu hapo wenye vitalu wamezalisha aina nyingine nyingi, zenye majani ya rangi ya shaba, ya manjano na ya fedha.

Matunzo yake si magumu. Hutaka kivuli cha nusu siku, na udongo wenye mboji upitishao maji upesi. Shingo ya mmea, yaani mahali majani yanapokutana na mizizi, sharti iwe sawasawa na uso wa udongo, ukiifukia, huoza. Baada ya miaka mitatu au minne shina huwa gumu kama ukuni na kujiinua juu ya ardhi. Hapo mwenye bustani huung'oa mmea wote, huupasua vipande vyenye mizizi, na kuvipanda tena chini kidogo zaidi. Adui yake mkubwa ni maji yanayotuama.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Mmea huu umezoea nchi yenye majira ya baridi kali. Mtu wa Mombasa au Lamu nisingemshauri apoteze fedha zake. Wewe wa Nairobi, na zaidi yule wa Limuru penye usiku wa baridi, waweza kujaribu ukipata mche kwa muuzaji wa halali. Lakini tafadhali usimwambie dada yako atie mche ndani ya bahasha. Mimea iletwayo kutoka ng'ambo hapana budi ipate kwanza kibali cha KEPHIS, idara ya serikali ilindayo afya ya mimea, maana ugonjwa mdogo uliojificha katika udongo wa mche mmoja waweza kuharibu mashamba ya watu wengi.

PENYE MITI HAPANA WAJENZI

Wazee walisema, penye miti hapana wajenzi. Mama huyu ataka mmea mfupi, wa kukaa kivulini, wenye majani ya kujipanga kwa duara na maua ya kupendeza. Mmea wa namna hiyo upo Kenya na Tanzania, nao umepambwa katika madirisha ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja. Wenzetu wa huko huuita urujuani wa Afrika, na Wajerumani huuita urujuani wa Usambara. Sisi tuuite ua la Usambara tu.

Habari zake ni hizi. Wenyeji wa milima hiyo waliliona ua hilo siku zote. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga na Usambara, alimpelekea baba yake huko Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la jamaa ya yule ofisa. La pili maana yake ni kwamba maua yake yafanana na urujuani. Ni kufanana tu, kwa maana si ndugu wa urujuani wa Ulaya. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza ukoo wake waliliingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wenye bustani wangali wakitumia jina la zamani.

Katika miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kilianza kuzalisha na kuuza aina mpya za ua hili, na mwaka 1946 wapenzi wake wa Marekani wakaunda chama chao. Leo aina zilizozalishwa ni maelfu: nyeupe, za waridi, za buluu, na nyingine zenye pindo mfano wa kitambaa kilichodarizwa. Asili ya hizo zote ni misitu ya Afrika ya Mashariki.

Wala Kenya haikunyimwa fungu lake. Katika kilima cha Mbololo, nchi ya Taita, hupatikana aina iitwayo teitensis, iliyoandikwa na wataalamu mwaka 1958. Na katika majabali ya chokaa ya Cha Simba, karibu na Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi, hupatikana nyingine iitwayo rupicola, maana yake mkaaji wa mwamba, iliyoandikwa mwaka 1964. Msomaji alishike neno hilo la mwamba, maana ndilo nililokuwa silijui mimi.

NILIVYOLIUA LA KWANZA

Sasa naungama kosa langu. Miaka michache iliyopita karani mwenzangu alihamishwa, naye alipokuwa akifunga mizigo akaniachia ua la Usambara lililokuwa katika kopo. Lilikuwa na maua tisa. Mke wangu alilifurahia, akaliweka juu ya meza ya sebuleni penye kitambaa cheupe, akawaonya watoto wasiliguse. Kazi ya kulinywesha nikaitwaa mimi mwenyewe.

Mimi nilikulia katika shamba la mahindi na viazi, nikadhani kila mmea una tabia moja. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini nilimimina kikombe kizima cha maji baridi ya bomba katikati ya majani yake. Juma la pili majani yakapata alama za rangi ya majivu. Juma la nne yakalegea. Nikasema, maskini, lina kiu. Nikaongeza kikombe cha jioni. Likazidi kulegea, na shina likawa laini kama ndizi iliyooza.

Jirani yetu ni mzee wa Kitaita aliyestaafu kazi ya reli. Jumapili moja alipita kutujulia hali. Akaliona kopo, akatia kidole udongoni, akacheka.

"Karani," akasema, "ni nani katika nyumba hii aliyekosana na ua hili?"

"Hakuna, Mzee," nikamjibu. "Twalipenda sana. Mimi mwenyewe nalinywesha mara mbili kwa siku."

"Ndiyo sababu linakufa. Kwetu Mbololo hukaa katika nyufa za mawe. Akaaye juu ya jiwe hunywa ukungu, hanywi debe."

Akatwaa kisu chake, akatafuta jani moja lililokuwa bado zima, akalikata pamoja na kikonyo chake. Mimi nikanyosha mkono nilipokee. Yeye akampa binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa wakati ule, akamwelekeza jinsi ya kulichomeka katika mchanga. Leo tuna makopo kumi na moja katika baraza, na mimea yote ni uzao wa jani lile moja. Wageni wakiuliza mtunzaji ni nani, mke wangu huwaonesha binti yetu, nami hunyamaza.

MAMBO YA KUSHIKA

Haya ndiyo niliyofundishwa na yule mzee, na mengine nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe tangu siku ile.

Kwanza, chombo. Ua hili halipendi nyumba kubwa. Kopo dogo la maziwa latosha kwa mmea mchanga. Na hata mmea mkubwa, upana wa chombo usizidi theluthi moja ya upana wa majani yote. Toboa matundu manne au matano chini ya kopo. Chombo kisicho na tundu ni kaburi.

Pili, udongo. Usitumie udongo mwekundu wa shamba, kwa sababu hushikana na kuziba pumzi ya mizizi. Changanya vipimo viwili vya mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, kipimo kimoja cha mchanga wa mtoni uliooshwa, na kimoja cha makaa yaliyopondwa. Mimina maji ya moto yanayochemka juu ya mchanganyiko huo ili kuua wadudu, kisha uache upoe na kukauka kidogo kabla ya kupanda. Shingo ya mmea usiifukie. Hapo, mama, waona kwamba ua letu na kengele za marijani wana desturi moja, maana wote wawili ni wenyeji wa majabali.

Tatu, maji. Tia kidole. Udongo wa juu ukiwa mkavu, weka kopo ndani ya sahani yenye maji, ungoje nusu saa, kisha uyamwage maji yaliyobaki. Maji hayo yawe yamekaa ndani ya nyumba tangu jana yake, ili yasiwe baridi kuliko hewa. Majani yana manyoya, na maji baridi yakiyagusa huacha zile alama za majivu ambazo hazifutiki tena. Usiinyweshe mimea hii kwa ratiba kama treni. Inyweshe kwa haja yake.

Nne, mwanga. Kupenda kivuli si kupenda giza. Mahali pazuri ni karibu na dirisha la mashariki lenye pazia jembamba, au katika baraza ambayo jua haliingii moja kwa moja. Vikonyo vikirefuka na majani yakisimama wima kama yanayochungulia, mwanga umepungua. Majani yakiwa manjano na kujibana chini, jua limezidi. Geuza kopo robo duara kila juma, ili mmea usiegemee upande mmoja.

Tano, baridi. Ua hili hustarehe penye joto la digrii 18 hadi 24 za sentigredi. Watu wa nyanda za juu waliingize ndani usiku katika Juni na Julai, wala wasiliache limegusana na kioo cha dirisha.

Sita, magonjwa. Ukiona vijidudu vyeupe mfano wa pamba, vipanguse kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Majani ya katikati yakijikunja na kuwa magumu na madogo, huenda kuna utitiri usioonekana kwa macho. Litenge kopo hilo upesi, na kama halipati nafuu, lichome moto kabla ya kuambukiza mengine. Na majani yakilegea, soma udongo kabla ya kushika kikombe. Yakilegea udongo ukiwa mkavu, ni kiu. Yakilegea udongo ukiwa maji, mizizi imeoza; usiongeze maji, bali kata jani zima na uanze upya.

Kuanza upya ni rahisi. Chagua jani lisilo zee wala changa. Kata kikonyo kwa mshazari, ukiacha urefu wa sentimeta tatu hivi. Kichomeke katika mchanga wenye unyevu, ulifunike jani kwa gilasi au chupa iliyokatwa, na uliweke penye mwanga usio na jua. Baada ya majuma matatu au manne mizizi hutoka. Baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi huonekana chini ya jani mfano wa masikio ya panya. Vikiwa na nguvu, vitenge kila kimoja katika kopo lake. Kungoja maua kwahitaji subira, pengine miezi sita au zaidi tangu kutenganisha. Katika nyumba yetu mtoto ndiye aliyekuwa na subira hiyo.

MSIING'OE MSITUNI

Nataka kusema neno moja zaidi, na neno hili si kwa mama wa Nairobi peke yake.

Mwaka uliofuata nilikwenda Taita pamoja na yule mzee kwa mazishi ya ndugu yake. Siku ya pili akanipandisha Mbololo. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya miti, na maji yalidondoka matawini ijapokuwa mvua haikunyesha. Katika ufa wa jabali lililofunikwa na kuvumwani nikayaona, yamejibanza, maua yake ya urujuani hayazidi upana wa kidole gumba. Ninakiri kwamba mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta kisu. Nilitaka mmoja tu, wa kuwaonesha wenzangu ofisini.

Mzee akaniuliza, "Nyumbani una makopo mangapi sasa?"

"Saba," nikasema.

"Na huku yamebaki majabali mangapi kama hili?"

Nikakirudisha kisu mfukoni.

Zamani milima ile ilikuwa na misitu ya asili mikubwa kuliko ilivyo leo. Sehemu kubwa ilifyekwa kwa mashamba, na mahali pengine ikapandwa misonobari na mikaratusi. Ua hili halina ulinzi wake lenyewe. Likiondolewa kivuli cha miti mikubwa, jua hufika jiweni, kuvumwani hukauka, na mmea hufa bila mtu kuugusa. Aina zetu zile mbili, ya Mbololo na ya Cha Simba, zimo katika hatari kubwa ya kupotea mwituni, kwa sababu makao yake ni madogo mno. Anayeng'oa mche mmoja hapo apunguza fungu kubwa. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakataza kutoa mimea katika msitu wa umma bila idhini. Wala hakuna haja ya kufanya hivyo, maana mimea ya vitalu huuzwa, na jani moja la rafiki latosha kujaza baraza nzima.

Ni ajabu kwamba ua hili lina nyumba kila mji wa Ulaya, na huku kwao halina hakika ya jabali. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Simkatazi mtu kupenda maua ya wageni. Mimi mwenyewe nina mawaridi, nayo hayakuzaliwa Kenya. Nasema tu kwamba watoto wetu wajue pia jina la hili lililo letu, na wajue liko mlima gani.

Kwa hiyo, mama, ukipata kengele za marijani kwa njia ya halali, zipande penye mboji na mchanga, shingo juu, maji kwa kiasi, nawe uniandikie zimeendeleaje. Lakini kwanza mwulize rafiki mwenye ua la Usambara akugawie jani moja. Na kama katika nyumba yako kuna mtoto mwenye mikono mitulivu, mpe yeye kulitunza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitamjibu bwana wa Nyeri alalamikaye juu ya konokono katika kabichi zake. Kwaherini.